Mashahidi wa Karatasi ya Nyumba

Kwetu Bambu, mashariki ya Kongo, mji uliokuzwa na migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, nyumba nyingi zilikuwa za kampuni. Mfanyakazi aliishi humo akijua ipo siku ataambiwa atoke. Kwa hiyo aliyefanikiwa kununua parsela, yaani kiwanja chake mwenyewe, aliitunza hati yake kwa wivu, na vita viliporudi katika eneo letu la Djugu mwishoni mwa 2017, wengi walikimbilia Bunia wakiwa wameacha sufuria na mbuzi, lakini hati wameifunga kiunoni.

Hati hiyo sasa ndiyo rehani yao. Benki hazina haja nayo: zinataka cheti cha ofisi ya ardhi, nacho wachache wanacho. Mtoto akilazwa hospitali, mzazi anakwenda kwa mkopeshaji wa mtaani, tunayemwita Banque Lambert. Huyo haandiki mkopo. Anaandika mauzo: mimi fulani nimeuza parsela yangu, pesa zote nimepokea. Kisha kwa mdomo anaahidi kuichana karatasi siku atakayolipwa. Riba inahesabiwa kwa mwezi, na ile isiyolipwa inaongezwa juu ya deni. Kinachoniuma zaidi ni bei. Nyumba iliyokimbiwa kwa sababu ya risasi haina mnunuzi, basi inawekwa rehani kwa pesa kidogo sana. Amani ikirudi kijijini, mwenyewe anarudi na kukuta ufunguo haumhusu tena.

Sheria ipo. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na kwa kanuni zake anayekudai hawezi kujitwalia nyumba unayoishi hata kama mlikubaliana hivyo. Ni lazima akuonye kwa maandishi, apite mahakamani, nyumba iuzwe kwa mnada wa wazi. Jaji anaweza hata kukuongezea muda wa kulipa, hadi mwaka mmoja. Lakini ngao hizo zote ni za mwenye deni. Aliyetia sahihi kwamba ameuza atalazimika kwanza kuthibitisha kuwa alikopa, na ushahidi wake ni ahadi ya mdomo tu.

Ndiyo maana mimi sianzi na mkopeshaji. Naanza na mashahidi. Karatasi ile haisimami bila majirani wawili na muhuri wa chefu wa mtaa, na wote pale wanajua kwamba hakuna nyumba inayouzwa. Hawaulizi mbona bei ni ya pikipiki. Hawaulizi mke yuko wapi, ingawa sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka mume na mke wakubaliane kabla ya kujifunga namna hiyo. Wanapewa soda, wanatia sahihi, wanaondoka.

Ingetosha chefu akatae kupiga muhuri mpaka iandikwe kwamba huu ni mkopo, kiasi hiki, riba hii, siku ya kulipa ni hii. Mkopeshaji wa haki hapotezi kitu kwa maneno hayo. Anayepoteza ni yule aliyekuja akiitaka nyumba tangu mwanzo.