Je, Kila Njaa ni Saumu?

Kitale ni nchi ya mahindi. Mtu wa Kibomet, mtaa wa mji huo, akisikia kuwa kijana ajinyima chakula hali ghala imejaa, yamkini atasema: huyu akufuru neema. Nasi watu wa pwani twaweza kusema neno lilo hilo. Je, hukumu hii ni ya haki?

Maradhi haya yapo, na aghlabu huanza ujanani. Wako wajinyimao, na wako walao kwa pupa kisha wakajitapisha kwa siri. Huko Fiji mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ngeni katika jimbo la Nadroga, wasichana wa skuli waliulizwa, asipatikane hata mmoja aliyejitapisha ili apunguze uzito. Walipoulizwa wengine mwaka 1998, walipatikana zaidi ya 11 katika kila 100.

Tena tazameni jambo hili. Marekani, mwaka 1944 na 1945, wanaume 36 wenye afya walijitolea kupunguziwa chakula kwa muda wa miezi sita. Hawakuwa na maradhi ya akili, wala hawakuchukia miili yao. Hata hivyo wengi walishikwa na huzuni na hasira, wakajitenga na wenzi wao, wasiwaze ila chakula. Basi njaa ikizidi huidhoofisha akili ile ile tuitakayo imrudishe mtu. Kijana huanza kwa hiari yake, kisha hiari humtoka. Kumkemea ni kama kumkemea mwenye homa kwa kutetemeka.

Wako wajifichao nyuma ya neno “nimefunga.” Saumu ni kwa nia, na njaa ya kuogopa macho ya watu si saumu. Lakini tusilifanye neno hili kuwa fimbo: Sharia yenyewe imemruhusu mgonjwa kula.

Lawama, basi, iko wapi? Nani aliyemwambia mtoto arusini, mbele ya watu, “Mbona umenenepa hivi?” Na alipokonda, nani aliyemsifu? Ndimi ni zetu.

Yatupasa tuzizuie. Tukiona mtoto akimbia sinia, au aenda chooni kila amalizapo kula, tumuulize faraghani kwa upole, na tumpeleke kwa tabibu mapema. Mwenye kuachwa huweza kubaki na huzuni na wasiwasi miaka mingi, hata baada ya mwili kunawiri. Mtoto ni amana, na akili yake ni katika amana hiyo.