Aliyejificha Nyuma ya Umati



Sote twamjua yule mwanamke wa Injili ya Marko, sura ya 5, aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuja kwa nyuma, kwa sababu kwa torati alihesabiwa najisi. Bwana wetu hakumwacha aondoke kwa siri. Alimwita mbele ya watu wote, akampa amani.

Hata leo wapo wanaoficha damu vivyo hivyo. Uko ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana ambao hauletwi na uchawi wala dhambi ya mtu. Kinga ya mwili, iliyowekwa itulinde, huushambulia utumbo wenyewe. Huku kwetu kuhara damu mara nyingi huletwa na amiba au vijidudu vingine, ndiyo maana daktari hupima choo kwanza. Lakini mgonjwa akienda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku, tena ana homa na moyo unakwenda mbio, alazwe siku hiyo hiyo.

Mwaka 1955 madaktari Truelove na Witts wa Oxford, Uingereza, walionyesha kwamba dawa ya kotisoni huokoa wengi. Hata sasa dawa za jamii hiyo hutiwa mshipani, na ifikapo siku ya 3 madaktari huangalia kama zimefaa. Zisipofaa hujaribiwa dawa nyingine, ama utumbo mpana huondolewa. Utumbo ukitanuka kupita kiasi au ukitoboka, upasuaji haungoji, na mgonjwa huenda akahitaji chumba cha mahututi. Hapo kuchelewa ni hatari kuliko kisu.

Aliyepasuliwa hutoka na tundu tumboni na mfuko wa kupokea choo. Wako ambao wakisikia hivyo hukataa kutia sahihi. Ni nani aliyewafundisha kuogopa mfuko kuliko kaburi? Tuangalie tusiwe sisi, kwa minong'ono yetu na kuziba pua.

Basi tufanye mambo matatu. Tutoe damu kabla haijaombwa, maana dharura haingoji ndugu watafutwe. Tusimzuie mgonjwa nyumbani kwa ajili ya maombi. Tuombe tukiwa njiani kumpeleka hospitali. Na mwenye mfuko akirudi kanisani, tumwachie nafasi karibu na mlango, tushiriki naye kikombe kimoja.

Bwana aliyesimama njiani kwa ajili ya mwanamke mmoja atujalie nasi kusimama. Amina.