Mtu Akijitolea, Unaweza Kumdai?

Kuna sentensi moja ambayo ukiitamka hapa Kenya inamaliza mjadala wowote: "Na si mimi najitolea tu." Mweka hazina wa chama amepoteza risiti? Anajitolea tu. Mwalimu wa kwaya amechelewa saa mbili? Jamani, anajitolea, mwacheni. Ukishaisema, anayelalamika ndiye anaonekana hana shukrani.

Nataka tuipime hiyo sentensi mahali ambapo wengi wa rika letu hawajawahi kuangalia, yaani bodi ya shule. Ile BOM. Kama ulisoma shule ya umma utawakumbuka siku ya kutoa zawadi, wamekaa kwenye hema, viti vimevishwa vitambaa, soda baridi mezani, na nyinyi mmepigwa na jua uwanjani. Hukujua kazi yao ni gani. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ndiyo inawajua. Wanachaguliwa sita kuwakilisha wazazi, watatu wanatoka kwa mdhamini wa shule (mara nyingi ni kanisa), kuna wa walimu, wa bodi ya elimu ya kaunti, wa watu wenye mahitaji maalum, na wa makundi mengine ya jamii. Bodi ikitaka inaweza kuongeza wengine hadi watatu wenye ujuzi inaouhitaji. Wanafunzi pia wana mwakilishi wao. Mwalimu mkuu ndiye katibu.

Hawa watu wanapokea pesa za shule na kuzitolea hesabu, wanaajiri mpishi na bawabu, na wanaamua kesi za nidhamu. Mtoto akifanya kosa kubwa, wao ndio wanakaa kumsikiliza. Na hawapati mshahara. Wanajitolea.

Sasa, tunawadai au hatuwadai?

Nafikiri tunachanganyikiwa kwa sababu kujitolea tulikofundishwa ni kwa harambee. Shule nyingi za nchi hii zilijengwa hivyo, hasa miaka ya sitini na sabini: mwenye ng'ombe alitoa ng'ombe, asiye na kitu akabeba mawe kutoka mtoni. Kwenye harambee ukitoa elfu mbili, jina linasomwa kwa kipaza sauti, watu wanapiga makofi, unaenda nyumbani. Deni lako limeisha. Hakuna atakayekupigia simu Jumatatu kuuliza mbona hukutoa elfu tatu. Ulitoa ulichotaka, asante sana.

Kiti cha bodi si hivyo, na tofauti ni ndogo ukiitazama haraka. Mchango wa harambee unaongeza kitu. Usipotoa, pesa zinapungua kwa kiasi chako na basi, na mwenzako anaweza kutoa mara mbili. Lakini viti vya bodi vimehesabiwa. Ukikaa kwa kimoja na usihudhurie vikao, au uhudhurie ukiwa umezama kwa simu, mtu mwingine hawezi kuja kujaza pengo, kwa sababu hakuna pengo. Uko wewe hapo. Jina lako liko kwa orodha. Kwa hiyo unaruhusiwa kabisa kukataa kuingia, na hakuna wa kukulaumu. Unaruhusiwa pia kujiuzulu. Kitu huruhusiwi ni kukalia kiti na kukiita zawadi. Muda wako ulikuwa wako, ukautoa. Lakini mamlaka ya kuamua kama mtoto wa mtu atarudi darasani hayakuwa yako hata siku moja, kwa hivyo huwezi kusema umeyatoa.

Wacha niseme pia kuhusu hili neno "bure", maana linatupendeza kupita kiasi. Tunaona kama kutolipa kunasafisha watu: asiyelipwa hana tamaa. Lakini kikao kikiitwa Jumatano saa nne asubuhi, nani anaweza kufika? Mstaafu. Mwenye biashara iliyo na watu wa kuifanya. Pasta. Na yule aliyekuja kwa sababu ya tenda ya maharagwe, huyo hakosi, hata mvua inyeshe. Mama mboga aliyechaguliwa na wazazi wenzake akija, amefunga kibanda siku nzima na kulipa matatu kwenda na kurudi. Kwa hiyo si kweli kwamba kazi ya bodi haina bei. Ina bei, na anayelipa kubwa zaidi ni yule ambaye mfuko wake ni mwepesi. Shule ikimrudishia nauli, mimi sioni dhambi. Naona dhambi kumsifu kwa moyo wake wa kujitolea halafu kumwacha atembee kutoka stendi.

Nimewahi kukaa kwa bodi ya sekondari moja ya kutwa hapa Nairobi, kama mmoja wa wale wa kuongezwa. Sina mtoto, nilikuwa na miaka ishirini na nane, na niliitwa kwa sababu naelewa hesabu. Muhula wa pili tulikuwa na jambo moja gumu kwa ajenda: walimu watatu wa BOM hawakuwa wamelipwa miezi miwili. Kama hujui, walimu wa serikali wanaajiriwa na TSC. Wasipotosha, na mara nyingi hawatoshi, bodi inaajiri wake na kuwalipa kwa pesa ambazo sehemu kubwa ni michango ya wazazi. Na wazazi wengi hawakuwa wamechanga.

Pendekezo lilikuwa lile mnalolijua, wasiolipa waende nyumbani. Sheria ile ile ya 2013, kifungu cha 29, inasema shule ya umma ikiruhusiwa kutoza ada nyingine, mtoto hafai kuzuiwa kusoma kwa kukosa kuilipa. Nilikisoma kwa sauti. Kimya. Halafu mzee mmoja, mtu mwema kusema kweli, aliyekuwa amekaa kwa bodi hiyo miaka bila kuomba hata chai, akasema: "Mwanangu, sisi sote hapa tunajitolea. Hata hawa wazazi nao wajitolee kidogo."

Nimeifikiria hiyo kauli sana kuliko hotuba yoyote niliyosikia kuhusu elimu. Kule mwanzo "najitolea tu" ilikuwa ya kujikinga. Hapa imegeuka kuwa haki ya kudai. Mimi nimetoa, kwa hivyo nina ruhusa ya kuamua wengine watoe nini. Lakini mzee alichagua. Mama wa Kayole mwenye watoto wanne hakuchagua, anaagizwa. Mwalimu wa kemia aliyefundisha miezi miwili bila mshahara naye hakuchagua, ingawa kwa kikao kile kuna aliyesema "anajitolea vizuri sana." Hapana. Huyo alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba. Mtu anaweza kujitoa mwenyewe, hawezi kumtoa mwenzake.

Mwakilishi wa wanafunzi alikuwa hapo, msichana wa kidato cha tatu, ameketi karibu na mlango. Akaomba kusema. "Wakienda nyumbani si eti pesa zitapatikana. Watakuwa tu nyumbani."

Najua kuna atakayenipinga hivi: ukiwadai watu wa kujitolea kiasi hicho, hakuna atakayekuja, na viti vitabaki kwa watu wa maharagwe. Ni hoja nzito na sitaki kuipita mbio. Jibu langu ni kwamba watu wa maharagwe wamestawi kwa sababu hatudai. Asiyeulizwa chochote ndiye anafurahia kazi ya bure. Mtu kama yule mzee angeulizwa hesabu angejibu, nina hakika, na asingechukia. Mara nyingi tunamwonea mtu haya, tunaita heshima, na watoto wa wengine ndio wanalipa.

Na sisi wa mjini, mafundi wa kulalamika kwa X kila shule ikiharibika, tujue vile viti vitatu vya ujuzi vipo, na mara nyingi mwalimu mkuu hajui ampigie nani simu. Usiende kama utakuwa unaenda kupiga picha.

Siku ile tulipiga kura na watoto wakabaki darasani. Tukakubaliana kuandikia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na kulipa walimu nusu kutoka kwa kile kidogo kilichokuwepo. Wawili walivumilia. Wa kemia alimaliza wiki hiyo, akarudisha vitabu vya idara vikiwa vimepangwa vizuri, akaenda kufanya kazi kwa duka la M-Pesa la shemeji yake. Kidato cha tatu walikaa bila mwalimu wa kemia mpaka muhula ukaisha. Kikao kilichofuata, hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza kwa ajenda, na yule msichana alikuwa ameketi pale pale karibu na mlango.