Simu, Kibla na Nyakati za Swala Bara ya Mombasa

Programu ya kibla katika simu hutegemea vyombo viwili. Setilaiti huijulisha simu mahali ilipo. Upande inakoelekea huujua kwa dira ndogo iliyo ndani yake. Kukosea mahali kwa mita chache hakudhuru, kwa kuwa kutoka Likoni hadi Makka ni takriban kilomita 2,830. Kosa la upande ndilo zito. Changamwe, penye makontena na reli, chuma huivuta dira, na mshale hupotoka huku ukionekana mtulivu.

Bahati njema, Mombasa na Makka ziko karibu katika longitudo moja, kwa hiyo kibla cha mji huu ni kaskazini, pungufu ya digrii moja tu kuelekea mashariki. Jua lenyewe hulithibitisha hilo: karibu na tarehe 28 Mei, saa 6:18 mchana, huwa juu ya Kaaba, na anayekipa mgongo kivuli chake Kisauni amekielekea kibla. Wanazuoni wa Kishafii, wanaofuatwa zaidi pwani hii, hutaka Kaaba yenyewe ikusudiwe. Wahanafi hutosheka na upande wake. Hata hivyo, penye mihrabu inayoaminiwa na Waislamu wa mji, mkazi hana haja ya kuanza kutafuta upya.

Katika nyakati za swala, swali huwa gumu zaidi. Kati ya Changamwe na Kisauni tofauti ya jua ni sekunde chache, lakini programu moja huhesabu alfajiri jua likiwa digrii 18 chini ya upeo, nyingine 15. Hapa karibu na ikweta tofauti hiyo ni kama dakika 12, muda mrefu kwa anayekula daku. Alasiri nayo: Mshafii huingoja hadi kivuli cha kitu kilingane na urefu wake, bila kuhesabu kile cha adhuhuri, Mhanafi hungoja mara mbili. Hapo setilaiti haina la kusema. Kuchagua kati ya hesabu hizo ni kwa taklidi, yaani kumfuata mwanachuoni anayejulikana. Anayeikubali hesabu ya programu bila kuikagua amemfuata asiyemjua, katika ibada isiyosihi kabla ya wakati wake.

Simu humfaa zaidi msafiri. Anayepanda treni Miritini kwenda Nairobi husogea magharibi kiasi cha kuchelewesha adhuhuri kwa takriban dakika 11, na kibla chake huinama kama digrii 7 mashariki ya kaskazini. Njiani hana mihrabu wala adhana ya kumwongoza, na simu humpa hesabu ya pale alipo, ikiwa madhehebu yake ameyachagua humo kabla ya kuondoka.