IKTISADI SI UBAKHILI

Miongoni mwa maneno ambayo watu wa miji yetu ya pwani wameyachanganya ni mawili haya: iktisadi na ubakhili. Mtu akikataa kukopa ili amwoze binti yake kwa karamu ya watu mia tano, huitwa mkono wa birika. Mwanamke akikataa kushona sare ya tatu katika mwezi mmoja, kwa ajili ya harusi ya tatu, husemwa kuwa hapendi watu. Na yule atoaye kila kilichomo mkononi mwake, na kisichokuwamo pia, huitwa karimu, na husifiwa mpaka siku wenye kumdai watakapobisha mlango wake. Basi leo twapenda kuuliza suali moja: ni kitu gani hasa kinachomtenga mwenye iktisadi na bakhili, hali ya kuwa wote wawili wamezuia fedha zisitoke?

Asidhani mtu kuwa suali hili ni jepesi. Al-Jahiz, mwanachuoni wa Basra aliyekufa mwaka 255 wa Hijra, aliandika kitabu kizima juu ya mabakhili, na jambo alilolistaajabia tangu mwanzo wa kitabu hicho ni kuwa watu wale hawakukubali kuitwa mabakhili. Choyo chao walikiita iktisadi na uangalizi mwema wa mali. Kwa hivyo jina zuri laweza kufunika tabia mbaya, kama vile jina la ukarimu liwezavyo kufunika upumbavu. Majina hayatutoshi, twahitaji mizani.

Katika Suratul Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake kwa kushika njia iliyo baina ya israfu na choyo. Lakini hapo baina ni wapi? Karamu ambayo kwa mfanyabiashara mkubwa ni kitu kidogo, kwa mchukuzi wa bandarini huenda ikawa ni pato la mwaka mzima. Basi mizani haiwezi kuwa ni idadi ya shilingi. Sisi twaona mizani ni haki. Bakhili huzuia haki ya mwingine ili aifurahishe nafsi yake kwa kuona mali imekaa. Mwenye iktisadi huizuia nafsi yake ili kila mwenye haki aifikie haki yake: mke, watoto, wazazi, mwenye kudai, maskini katika zaka, na siku ya kesho ambayo haina msemaji wa kuitetea. Kwa nje matendo yao hufanana, lakini mmoja amewafungia watu mlango na wa pili ameufunga ili awafungulie.

Tukiishika mizani hii tutaona jambo ambalo wengi hawaliangalii, nalo ni kuwa israfu ndiyo mama wa ubakhili. Twawadhania kuwa ni maadui, kumbe hukaa nyumba moja. Mtazame mtu aliyefanya harusi kwa deni: siku ya kupamba, ukumbi ulijaa maua na taa, na sahani za biriani zilirudi jikoni nusu yake haikuguswa. Mwezi wa pili yake, mkewe aomba fedha za dawa na hajibiwi ila kwa ukali. Mtoto arudishwa kutoka skuli kwa ajili ya ada. Ndugu yake maskini apita mlangoni na hakuna amwitaye ndani. Mtu huyu amekuwa bakhili, wala hakukusudia. Aliwapa wasiokuwa na haki, basi wenye haki wakakosa.

Maradhi haya si mapya kwetu. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, Mombasa na Lamu zilikuwa na makundi ya beni na lelemama yaliyoshindana kwa ngoma, kwa nguo na kwa vyakula, kila kundi likitaka kulitia jingine haya. Ngoma zile zimepungua, lakini lile lililokuwa likizichochea halikupungua. Nalo ni hofu ya vinywa vya watu.

Hofu hiyo hufika mpaka matangani. Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliamrisha jamaa zake wapikiwe chakula, kwani walikuwa na msiba wa kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza: wafiwa ndio wapikao, na mara nyingine hupika kwa mali ya mayatima, au kwa deni juu ya deni aliloacha maiti. Na deni la maiti si jambo dogo. Bukhari amepokea kuwa aliletwa maiti aliyekuwa akidaiwa dinari tatu, na Mtume akajizuia kumsalia mpaka Abu Qatada alipojitolea kulilipa. Dinari tatu tu! Na mtu yule hakukopa kwa ajili ya kulisha mji.

Amma vyombo na nguo, huko nako twapaswa kutazama. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir mafundisho ya Mtume juu ya matandiko: moja la mume, la pili la mke, la tatu la mgeni, na la nne likahesabiwa kuwa ni la shetani. Wanavyuoni wamelifahamu hilo kuwa ni onyo juu ya kilichozidi haja na kikawekwa kwa fahari. Basi na tuyafungue makabati yetu. Tutakuta doti za leso ambazo hazijapindwa tangu zinunuliwe, seti za sahani ambazo mgeni wa kuzilia hajafika kwa miaka kumi, viatu vya watoto ambao sasa wana watoto, na simu mbovu tatu. Vitu hivi vyachukua nafasi, vyataka kusafishwa, vyaliwa na nondo na unyevu wa pwani. Na vibaya zaidi, vyaficha tulivyonavyo hata tukaenda kununua mara ya pili kitu kilichomo ndani. Wazee wa Lamu walizijenga nyumba zao za mawe na vidaka ukutani vya kupangia vyombo vya kauri, na utenzi wa Al-Inkishafi umekwisha kutukumbusha mwisho wa majumba ya Pate yaliyokuwa na fahari kama hiyo.

Kinachotumika na kibaki. Kinachomfaa mwingine na apewe. Chenye thamani na kiuzwe, na bei yake iwekwe. Lakini tahadhari: Suratul Baqara, aya ya 267, imetukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kumpa maskini nguo iliyopasuka si sadaka, bali ni kumfanya jaa la nyumba yetu. Kilichopasuka na kiwe tambara, na maskini apewe kile ambacho mkono ulisita kidogo kabla ya kukitoa.

Husemwa na baadhi ya watu kuwa kuweka akiba ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Hao twawajibu kwa Mtume mwenyewe: imesihi kutoka kwa Umar kuwa alikuwa akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Banu Nadhir. Na Nabii Yusuf aliwaamrisha watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke yake kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Je, tutasema manabii hawakuwa na tawakkul? Na Saad bin Abi Waqqas alipougua Makka na kutaka kuitoa mali yake sadaka, Mtume alimkubalia thuluthi, naye akaiona thuluthi kuwa ni nyingi. Kwani kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu.

Liko neno jingine lenye uzito zaidi. Sahaba Abu Dharr aliona kuwa aya ya 34 ya Suratut Tawba, iliyowaonya wenye kulimbika dhahabu na fedha, yatuhusu sisi pia, na akakhitalifiana na Muawiya juu ya hilo huko Sham. Wengi wa wanavyuoni wamesema kuwa mali iliyotolewa zaka haiitwi limbiko lenye kulaumiwa. Nasi twafuata hayo. Akiba iliyofikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, na ikatimiza mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Hata hivyo sauti ya Abu Dharr haifai kuzimwa, kwani akiba isiyokuwa na makusudio hugeuka taratibu ikawa ndiyo makusudio, na mwenyewe akawa mmoja katika wale watu wa Al-Jahiz. Kila akiba na iwe na jina: ya ada, ya ugonjwa, ya kodi, ya Hija.

Wala haihitaji utajiri. Shilingi 50 kila siku ni shilingi 18,250 kwa mwaka. Na ziwekwe asubuhi, si usiku; kwani cha usiku ni kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu. Mwenye kuona vigumu peke yake na aingie katika chama cha kupokezana pamoja na watu waaminifu, au aende katika benki zisizotoza riba, ambazo zilianza kazi Kenya mwaka 2008. Ama mikopo ya simu, na ajihadhari nayo. Mkopo mmoja ulioanza Kenya mwaka 2012 ulikuwa na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwenye kukopa shilingi 10,000 kwa masharti hayo, akawa analipa na kukopa tena kila mwezi, atakuwa ametoa shilingi 9,000 za ada kwa mwaka, na deni liko pale pale.

Wazee wetu walisema akiba haiozi. Wali wa karamu huoza, na sifa za watu huoza upesi kuliko wali. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kutoa jiulize: je, natoa kwa haja na haki, au kwa hofu ya vinywa? Na kabla ya kuzuia jiulize: je, namzuilia nani, na kwa ajili ya nani? Atakayeweza kuyajibu mawili haya mbele ya Mola wake hatadhurika akiitwa mkono wa birika. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa hao, na azilinde nyumba zetu na deni na fedheha yake. Amin.