Fimbo ya Mbali: Urafiki wa Wazee Waliotengana na Suala la Wajibu

Methali isemayo kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka imezoeleka mno katika mafunzo ya fasihi simulizi hata ni nadra kuhojiwa. Hufasiriwa kwamba msaada usiokuwapo mahali pa dhiki si msaada. Fasiri hiyo ikikubaliwa bila ya masharti, basi urafiki wa wazee walioishi pamoja ujanani na kutawanyika baadaye hubaki kuwa kumbukumbu tu, usio na uzito wowote wa kimaadili. Makala hii inakusudia kulipinga hitimisho hilo kwa kuitazama hali ya wazee wa Timau.

Timau ni mji mdogo ulioko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru. Wakati wa ukoloni eneo hili lilikuwa la mashamba makubwa ya walowezi. Ngano, shayiri na mifugo vilihitaji mikono, na mikono ilitoka sehemu nyingine za Meru, Nyeri, hata nyanda kavu za kaskazini. Baada ya uhuru wa 1963 wapo waliopata vishamba wakabaki, na wapo waliohama. Kwa hiyo mzee wa Timau mara nyingi ni mtu ambaye hirimu zake hawako Timau. Mmoja yuko Maua, mwingine Isiolo, wa tatu alimfuata mwanawe Mombasa asirudi. Majirani alio nao huenda ni watu wema sana, lakini walimjua akiwa tayari mzee.

Je, hirimu hao wa mbali wanadaiwa nini, nao wanamdai nini? Utamaduni wa Wameru una jibu moja ambalo wahakiki hawajalizingatia vya kutosha. Ilikuwapo taasisi ya gichiaro, neno lenye asili moja na kitenzi cha Kimeru cha kuzaa. Kwa kiapo, koo au jamii mbili zisizo na nasaba moja zilifanywa kuwa kama zilizozaliwa pamoja. Mtu wa gichiaro hakunyimwa chakula wala malazi, hakudanganywa, na ombi lake halikukataliwa, kwani laana ya kumkosea iliogopwa sana. Yafaa ikumbukwe kwamba jirani wa ua kwa ua hahitaji kiapo cha namna hii, kwa kuwa kuonana kila siku kunatosha kumwajibisha. Anayehitaji kiapo ni yule wa mbali, ambaye mtu atamfikia akiwa msafiri, mwenye njaa au mkimbizi. Kwa mtazamo huo, umbali haukuwa kasoro ya uhusiano bali ndio uliokuwa sababu ya kuuanzisha.

Pingamizi liko wazi: kinachotendwa kwa kuogopa laana, tena kwa mkataba uliorithiwa, kinaitwaje urafiki? Aristotle, katika maandishi yake juu ya maadili, aliona kwamba umbali hauvunji urafiki wenyewe ila huzuia utendaji wake. Na kutengana kukiwa kwa muda mrefu, urafiki nao husahauliwa. Aliongeza kwamba wazee si wepesi wa kufanya marafiki wapya. Kauli hizo mbili zikiwekwa pamoja, mzee wa Timau hana njia: wa zamani wanafifia, na wapya hawaji. Lakini Aristotle alikuwa akiwafikiria watu wanaoishi pamoja katika mji mmoja. Hakuwa na haja ya kuuliza ni utendaji wa aina gani unaoweza kuvuka masafa.

Siku hizi jibu la haraka ni pesa. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007, fimbo ya mbali imerefuka kwelikweli. Ada ya hospitali hulipwa kutoka Mombasa kabla mgonjwa hajaonwa na daktari. Haifai kulidharau jambo hili. Nyoka wengi wameuawa hivyo. Hata hivyo, wepesi huo umeleta tatizo ambalo gichiaro halikuwa nalo. Simu ya rafiki wa zamani imeanza kusikika kama ombi. Mzee asiye na kitu, ambaye pengine hutegemea shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa serikali wa Inua Jamii, hupokea msaada mara moja, mara ya pili, kisha hunyamaza. Hapigi tena, asije akadhaniwa kuwa anaomba. Mwenzake naye huuchukulia ukimya huo kuwa ishara ya afya njema. Hakuna aliyemkosea mwenziwe, na urafiki wa miaka 50 umekwisha kwa adabu tu. Hapa wajibu hauwezi kugawanywa sawa kwa sawa. Mwenye uwezo ndiye anayepaswa kutangulia kupiga simu, tena bila ya jambo, ili mwenzake apate ruhusa ya kupiga naye bila ya jambo.

Simu isiyo na jambo ina maudhui yake. Barua ambazo Shaaban Robert alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 huthaminiwa na wahakiki kwa yale yanayohusu uandishi wake. Mtu akizisoma kwa jicho la suala hili, habari ndogondogo za nyumbani na za siha zina uzito usiopungua ule wa habari za vitabu, maana ndizo zilizomweka ndugu aliye mbali ndani ya siku za mwenziwe. Mzee wa Timau anayeeleza kwamba baridi imeharibu viazi na kwamba goti la kushoto limekataa mteremko haombi kitu. Anaeleza kwa mtu aliyelijua goti hilo likikimbia. Kazi hiyo jirani hawezi kuifanya, hata akiwa mkarimu vipi. Methali ni sahihi kuhusu nyoka, lakini si kila kinachomtisha mzee ni nyoka.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia na Serikali. Rafiki hatajwi, na huenda ni vyema asitajwe, kwani urafiki unaoamriwa na sheria ungerudi kwenye hofu ya laana. Lakini kutotajwa kuna gharama yake, hasa wakati wa msiba. Mzee akifa, simu yake huchukuliwa na mtoto au mjukuu. Majina yaliyomo hayana maelezo: jina moja la ujanani, na pengine jina la utani ambalo nyumbani halijulikani. Mazishi hupangwa na familia, na michango huombwa kwa wale wanaofahamika. Yule wa Isiolo hupiga wiki mbili baadaye kuuliza habari za viazi.