Masufuria ya Ndugu Laurent

Mwaka 1640, mtu wa Lorraine aliyewahi kuwa askari, mguu wake umelemaa kwa jeraha la vita, alipokelewa katika monasteri ya Wakarmeli jijini Paris. Usomi wa kumfanya padri hakuwa nao. Akapewa jina la Ndugu Laurent wa Ufufuko na kupelekwa jikoni.

Kazi hiyo nafsi yake iliikataa. Hilo ndilo linalonigusa zaidi: hakuanza kwa kuipenda. Lakini katikati ya moshi, vyombo vikigongana na kila mtu akidai chake, alijizoeza kuzungumza na Mungu kwa utulivu uleule wa mbele ya altare, hata kimanda akakigeuza kikaangoni kwa mapendo. Baadaye alihamishiwa kushona viatu vya wenzake. Alifariki 1691. Barua na mazungumzo yake yangali yakisomwa, na wakati wa uhai wake wakubwa wa Kanisa walimwendea huyo mpishi kuuliza habari za sala.

Humkumbuka ninapopita kituoni alfajiri na kumkuta mama ntilie ameinamia jiko la mkaa, akinong'ona Bismillahi kabla ya kumimina upawa wa kwanza kwenye chuma cha vitumbua.